Je, Timu Ikiona Imeshindwa Ijitoe?



Katika ukurasa huu wa mafundisho tumezoea kujibu maswali yanayoletwa na vikundi vya mtaa wetu. Safari hii swali halikuletwa kwa barua. Lilizuka uwanjani, mbele ya macho yetu, siku ya Jumatatu ya Pasaka, na hadi leo watu wa Kisiba wanalizungumza vibarazani na njiani kwenda sokoni. Tumeona ni vema tulitazame kwa utaratibu, maana vijana wetu wamegawanyika, wazee nao wamegawanyika, na sisi wenyewe tunaotayarisha gazeti hili hatukuwa na kauli moja hapo mwanzo.

Habari yenyewe ni hii. Vijana wetu walicheza mpira na timu ya wageni kwenye kiwanja cha shule. Wageni walitoka mbali kwa miguu, walianza safari alfajiri, na mvua ya huku kwetu mnaijua, haimwulizi mtu anakwenda wapi. Ilipofika mapumziko tulikuwa tumekwisha fungwa mabao 5 kwa 0. Nahodha wetu akawakusanya wenzake chini ya mti, wakasemezana kidogo, kisha wakavaa mashati yao wakaondoka. Mwamuzi alipopuliza kipenga cha kipindi cha pili, upande mmoja wa kiwanja ulikuwa na watu kumi na mmoja, na upande wa pili palikuwa na mbuzi wawili. Wageni wakasimama pale, hawajui washangilie au waende zao. Akina mama waliokuwa wakiwapikia ndizi wachezaji wa timu zote mbili waliambiwa mchezo umekwisha, na sufuria zilikuwa hazijachemka.

Nahodha alipoulizwa alijibu kwa heshima, wala hatukumwona kuwa mtu wa kiburi. Alisema, "Wazee wetu, mabao matano hayarudi. Tuliona tusiwachoshe wageni, na sisi tusizidi kujiaibisha." Mzee mmoja ambaye kwa mchezo wa bao hapa kijijini hana mpinzani akamuunga mkono. Alisema kwamba mchezaji wa bao akiona kete zake zimekwisha liwa na njia hakuna, husimama, hucheka, humpa mwenzake mkono, na mchezo mwingine huanza. Hakuna amwitaye mwoga. Kumbe mpira una tofauti gani?

Neno la Mzee tusilipite haraka, kwa sababu ni la kweli. Hata katika sataranji, mabingwa wakubwa wa dunia mara nyingi hawangoji mfalme afungiwe kabisa. Mmoja akiona hana njia, hunyosha mkono na kusema, umenishinda. Kuendelea kusogeza vipande baada ya hapo huhesabiwa kuwa utovu wa adabu, kana kwamba unamwambia mwenzako, sina hakika kama unajua kumaliza kazi. Basi kukubali kushindwa si aibu kwa asili yake. Iko michezo ambayo kukubali ndiyo heshima yenyewe.

Lakini tazama: bao huchezwa na watu wawili. Anayesimama anasimama kwa ajili ya nafsi yake tu. Nyuma yake hakuna mtu wa kumi na mbili aliyevaa viatu akingoja zamu. Hapo ndipo tulipoanza kushuku kwamba swali letu halitajibiwa na bao.

Mwenzetu mmoja katika kamati ya gazeti, aliyefanya kazi Dar es Salaam miaka mingi na aliyekuwa akipita kando ya uwanja wa Gymkhana kila siku akirudi nyumbani, alituambia kwamba mchezo wa kulipimia jambo hili ni kriketi. Tulicheka, kwa kuwa huku kwetu Rungwe hatujapata kuona mtu akicheza kriketi katikati ya migomba. Alipokwisha kutueleza, hatukucheka tena. Tutaieleza kwa ufupi, na wanaoijua watuvumilie.

Kila timu ina watu kumi na mmoja. Timu moja hupiga, nyingine hurusha mpira na kudaka. Mpigaji husimama mbele ya vijiti vitatu akiwa na gongo mkononi (tunasema gongo la mti, siyo lile linalopikwa usiku kando ya mto), naye huzuia mpira usiguse vijiti. Akiupiga mbali hukimbia na mwenzake, na kila mara wanapopishana salama hupata mkimbio mmoja. Mpira ukivunja vijiti, au ukidakwa kabla ya kugusa chini, mpigaji ametolewa, na mwingine huingia. Wakitolewa kumi, zamu ya timu imekwisha. Mipira hurushwa sita sita, na kila sita huitwa ova. Timu ya kwanza ikimaliza, ya pili huingia ikijua hesabu iliyowekwa, nayo sharti iipite.

Sasa fahamuni kwa nini mchezo huu unafaa. Katika mpira wa miguu mtu aweza kujipa moyo hadi dakika ya 90. Katika kriketi hesabu iko ubaoni na kila mtoto aliyesoma kugawanya aweza kuifanya. Kama zinahitajika 310 na nusu ya ova zimekwisha nawe una 50, umeshindwa, na jua bado liko utosini. Mtu aweza kujua saa sita mchana kwamba hana ushindi, na mchezo ukaendelea hadi jioni. Saa zote zile atazifanyia nini?

Sheria za kriketi, zinazotunzwa na klabu ya Marylebone huko London, zinaruhusu timu kukubali kushindwa. Timu ikisema imekubali, au ikikataa kucheza, waamuzi huupa upande wa pili ushindi. Kwa hiyo mlango upo, na hauna kufuli. Ajabu ni kwamba tangu zamani timu nyingi zimeuona mlango ule wazi zikaacha kuutumia, hata zilipokuwa zikipigwa vibaya. Na timu moja ya namna hiyo ilikuwa yetu.

Mwaka 1975 lilifanyika Kombe la Dunia la kwanza la kriketi la wanaume, huko Uingereza. Timu zilikuwa nane. Moja iliitwa Afrika Mashariki, na wachezaji wake walichaguliwa kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Nahodha alikuwa Harilal Shah wa Kenya. Hawakuwa watu waliolipwa kwa mchezo. Mmoja wao alikuwa John Nagenda wa Uganda, mwandishi wa vitabu, na wazee wetu waliofuatilia habari za Uamsho watashtuka kusikia kwamba baba yake alikuwa William Nagenda, yule mhubiri aliyejulikana Afrika Mashariki yote. (Hatudai kwamba Uamsho ulikuwa na neno lolote juu ya kriketi.)

Siku ya kwanza, tarehe 7 Juni, walicheza na New Zealand huko Birmingham. Kila timu ilikuwa na ova 60, yaani mipira 360. New Zealand walipiga wakafikisha mikimbio 309, na mtu mmoja peke yake, Glenn Turner, alipata 171 bila kutolewa. Yaani mtu mmoja aliwapita kwa mbali wote kumi na mmoja wa upande wetu, kama tutakavyoona. Vijana wetu wakaingia kupiga. Ushindi hawakuwa nao, na bila shaka walilijua hilo kabla ya kuvaa pedi za miguuni. Wakapiga ova zote 60, hadi mpira wa mwisho. Walipata 128, na watu wanane walitolewa. Frasat Ali alipata 45.

Mchezo wa pili, na India, walitolewa wote kwa 120, nao India wakaipita hesabu ile bila kupoteza mtu hata mmoja. Wa tatu, na Uingereza, waliwekewa 290 wakajibu 94. Michezo mitatu, vipigo vitatu. Hakuna mahali walipovaa mashati yao wakaenda zao.

Mtu aweza kusema: Basi walifanya nini cha maana? 128 dhidi ya 309 si ni aibu tu iliyorefushwa? Na tena wapo wasemao kwamba hawakujaribu hata kushinda, walijikinga tu ili wasitolewe wote. Tunakubali kwamba walijikinga. Lakini hebu tuangalie jambo lililotokea siku ile ile, mwaka ule ule, saa zile zile, katika uwanja mwingine.

Tarehe hiyo hiyo ya 7 Juni 1975, huko London katika uwanja wa Lord's, Uingereza walicheza na India. Uingereza walipata 334. India wakaingia kupiga, na mpigaji wao wa kwanza alikuwa Sunil Gavaskar, mmoja wa wapigaji hodari kabisa waliopata kuzaliwa. Gavaskar alisimama mbele ya vijiti tangu mpira wa kwanza hadi wa mwisho, ova 60, akapokea mipira 174, akapata mikimbio 36. Thelathini na sita tu! Wahindi waliokuwa wamelipa kiingilio waliingia kiwanjani kumsihi apige. Hakupiga. Mchezo ulipokwisha India walikuwa na 132, na watu watatu tu walikuwa wametolewa. Msimamizi wa timu yake alimlaumu hadharani, na Gavaskar mwenyewe baadaye hakuitetea siku ile, aliihesabu kuwa mbaya kuliko zote alizopiga.

Msomaji wa gazeti asubuhi iliyofuata aliona 128 kwa Birmingham na 132 kwa London, na labda alidhani ni habari moja. Sivyo. Hesabuni waliotolewa. Afrika Mashariki walitolewa wanane, maana yake watu kumi walishika gongo siku ile, na mmoja tu hakufikiwa na zamu. India walitolewa watatu, maana yake watano walishika gongo, na sita walikaa kivulini siku nzima wamevaa nguo nyeupe safi. Timu yetu ilijitumia karibu yote. Timu ile nyingine ilikuwa imekwisha kujitoa mchezoni ingawa miguu yake ilikuwa bado kiwanjani.

Kwetu sisi hili ndilo lililobadili mazungumzo. Tulianza kwa kuuliza kama ni halali kuondoka. Tukajikuta tunauliza: nani anaachwa bila zamu yake mtu mmoja anapoamua kwamba mambo yamekwisha? Kuondoka uwanjani ni namna moja ya kumnyima mwenzako zamu. Kubaki na kujifanya unacheza ni namna ya pili, na pengine ni mbaya zaidi, kwa kuwa haina hata unyofu wa yule aliyevaa shati lake mbele ya watu.

Sasa, wako vijana waliotuambia: "Mnatupa mfano wa walioshindwa. Tupeni wa waliorudi wakashinda." Iko, tena mingi, na tutaitaja kwa haraka, maana hatutaki mtu afikiri kwamba sababu ya kubaki ni tumaini la muujiza.

India hao hao, mwaka 1983, katika Kombe la Dunia, walicheza na Zimbabwe wakajikuta watu watano wametolewa kwa mikimbio 17. Kumi na saba! Nahodha wao, Kapil Dev, akaingia akapata 175 bila kutolewa, wakashinda, na wiki moja baadaye wakachukua kombe uwanjani Lord's, Gavaskar akiwa miongoni mwao. Mwaka 1996, huko Pune nchini India, ndugu zetu wa Kenya walipiga dhidi ya West Indies wakatolewa wote kwa 166, hesabu ndogo sana mbele ya timu iliyokuwa na Brian Lara. Mikimbio ya bure waliyopewa kwa makosa ya warushaji ilizidi ile ya mpigaji wao yeyote. Nani angewalaumu kama wangeingia kipindi cha pili kivivu? Waliwatoa West Indies wote kwa 93. Maurice Odumbe, nahodha, aliwatoa watatu.

Na kuna mmoja wa zamani ambao tunaupenda kwa sababu unatufikisha karibu na kwetu. Mwaka 1882, London, Uingereza walihitaji mikimbio 85 tu kuwashinda Australia. Walifikia 51 na watu wawili tu wametolewa. Waaustralia wangekuwa na haki ya kusema, mambo yamekwisha. Mrushaji wao Fred Spofforth hakusema hivyo. Uingereza walitolewa wote kwa 77, wakashindwa kwa tofauti ya 7. Mtu wa mwisho kubaki upande wa Uingereza bila kutolewa, ambaye hakupata kupokea hata mpira mmoja katika zamu ile kwa vile wenzake waliisha mbele yake, aliitwa Charles Studd. Kijana huyo baadaye aliacha kriketi, akaenda China kuhubiri, na mwaka 1913 akafika Kongo, akakaa huko hadi alipokufa Ibambi mwaka 1931. Tumejiuliza kama pale porini Kongo aliwahi kumweleza mtu jinsi ilivyo kusimama na gongo mkononi huku zamu yako ikipita hujaguswa na mpira.

Katika kriketi ya siku tano kuna jambo jingine ambalo mpira wa miguu haunalo. Humo, muda ukiisha kabla timu ya mwisho haijatolewa yote, hakuna mshindi, hata kama mmoja alikuwa mbele sana. Kwa hiyo kusimama tu kuna faida yake. Mwaka 2009 huko Cardiff, Uingereza walibaki na watu wawili wa mwisho mbele ya Australia, James Anderson na Monty Panesar. Wote wawili kazi yao ilikuwa kurusha, na Panesar hasa alikuwa mpigaji dhaifu wa kuchekwa. Walisimama mipira 69. Mchezo ukaisha bila mshindi, na mwisho wa mashindano yale ya michezo mitano Uingereza ndio waliotoka na ushindi, miwili kwa mmoja. Hapo mnaona kwamba neno "kushindwa" lenyewe hutegemea umeweka lengo gani. Afrika Mashariki mwaka 1975 hawakuweza kufikia 310. Waliweza kumaliza ova 60 wakiwa hawajatolewa wote, wakazimaliza. Vijana wetu wa Kisiba hawakuweza kurudisha mabao matano. Je, hawakuweza kucheza kipindi cha pili bila kufungwa la sita? Hilo hakuna aliyewauliza.

Wako pia waliojitoa kwa ujanja, na hao tuwataje ili mtu asidhani kila kujitoa ni unyonge. Tarehe 24 Mei 1979, katika mashindano ya Uingereza, timu ya Somerset ilicheza na Worcestershire. Somerset walikuwa wamefanya hesabu: hata wakishindwa wataendelea mbele, mradi takwimu zao zisiharibike. Basi nahodha wao, Brian Rose, alifunga zamu ya timu yake baada ya ova moja tu, wakiwa na mkimbio 1. Worcestershire wakapata 2 kwa mipira 10, mchezo ukaisha kabla watu hawajakaa vizuri. Watazamaji walirudishiwa fedha zao. Somerset hawakuwa wamevunja sheria yoyote iliyoandikwa, na wakuu wa kriketi waliwafukuza katika mashindano hata hivyo. Tunafikiri walifanya haki. Mchezo si mali ya nahodha, auze anavyotaka.

Tukija kwa upande wa wale wanaopewa ushindi, hapa tuna malalamiko yetu ya Afrika Mashariki. Mwaka 2003 Kombe la Dunia lilichezwa Afrika Kusini, na michezo michache ikapangwa Zimbabwe na Kenya. New Zealand walikuwa wacheze na Kenya Nairobi mwezi wa Februari. Walikataa kuja kwa ajili ya usalama, maana miezi mitatu nyuma hoteli ilikuwa imelipuliwa Kikambala karibu na Mombasa. Hatuwahukumu, kila mtu na hofu yake. Kenya wakapewa pointi za mezani. Siku chache baadaye Kenya waliwapiga Sri Lanka kwa haki kabisa pale pale Nairobi, Collins Obuya akiwatoa watano, kisha wakawapiga Bangladesh na Zimbabwe, wakafika nusu fainali. Haijapata kutokea kwa timu nyingine ya Afrika Mashariki. Lakini hadi leo ukitaja nusu fainali ile, hakosekani mtu wa kusema, "Ah, si walipewa pointi za bure?" Aliyekataa kucheza hakujinyima yeye peke yake. Aliwanyima Wakenya ushindi wao, akawaachia karatasi.

Na wageni wetu wa Jumatatu ya Pasaka? Tulikwenda kuwatembelea wiki iliyofuata, watu watatu wa kamati. Walitupokea vizuri, walituandalia chai. Mlinda mlango wao, kijana mpole, alituambia kwamba alirudi nyumbani na mama yake akamwuliza, "Mmeshinda?" naye akakosa la kusema. Alisema, "Tuliongoza, halafu wenzetu wakaondoka." Mama akadhani kumetokea ugomvi. Saa nne za kutembea kwenda, saa nne kurudi, kwa kipindi kimoja cha mpira.

Tuseme sasa tunavyoona, na asiyekubali atuandikie. Hatusemi kwamba timu haiwezi kamwe kuacha mchezo. Mtu akiumia vibaya, giza likiingia, radi zikipiga kama zinavyopiga huku kwetu mwezi wa Aprili, au wakubwa wakiwaonea watoto wadogo, acheni. Nani atamsifu anayevunjika mguu kwa ajili ya bao la kufutia machozi? Lakini kuna namna ya kuacha. Katika kriketi ya siku nyingi, manahodha wote wawili wakiona hakuna upande utakaopata kitu, huenda pamoja kwa waamuzi, hupeana mikono, na mchezo hufungwa. Wawili, mbele ya mwamuzi. Nahodha wetu angeweza kumwendea nahodha wa wageni chini ya mti wake akamwambia, ndugu yangu, tumeshindwa, mnataka tuendelee? Pengine wangesema basi, tule. Pengine wangesema tuchanganye timu tucheze kwa furaha. Hatujui, kwa kuwa hakwenda. Mzee wetu wa bao tulipomrudia na neno hili alikaa kimya, kisha akasema kwamba hata kwenye bao mtu hasimami kabla hajampa mwenzake mkono. Ndivyo alivyotuambia tangu mwanzo, sisi ndio hatukusikia sehemu ile.

Mtu atatukumbusha John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza mbio ndefu za Mexico mwaka 1968 akichechemea, goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, wa mwisho kati ya wote waliofika. Kila mtoto wa shule anamjua, na tulikuwa tumeazimia tusimtaje, maana vijana huchoka kuhubiriwa Akhwari. Tumtaje kwa jambo moja tu: yeye alikuwa peke yake. Angeacha, angejinyima mwenyewe. Nahodha wa watu kumi na mmoja ana mzigo mwingine.

Mzigo huo kwetu ulikuwa na jina na umri, ingawa jina hatutaliandika. Alikuwepo kijana wa darasa la saba aliyekaa nje kipindi cha kwanza chote. Alikuwa ameazima viatu kwa binamu yake, akavijaza magazeti mbele kwa kuwa vilimzidi. Aliahidiwa kuingia baada ya mapumziko. Wakubwa walipovaa mashati yao, yeye alikuwa bado anafunga kamba. Tulipomwuliza nahodha kama alimkumbuka, hakujibu mara moja. Halafu alisema, "Sikumwona."

Tuliyazungumza haya yote katika kikundi cha vijana Jumapili mbili mfululizo, na tunawaomba vikundi vingine navyo viyazungumze: ni lini mtu alikwambia kazi fulani imekwisha kushindikana, na nani alikuwa bado hajapata zamu? Je, iko tofauti kati ya kubaki kwa tumaini na kubaki kwa kuwa uliahidi? Na yule aliyebaki huku akizuia mipira tu, kama Gavaskar siku ile, tumpe jina gani?

Nahodha alikwenda mwenyewe kwa wageni, kwa miguu, bila kutumwa na mtu, akaomba mchezo urudiwe. Wamekubali. Sisi ndio tutakaokwenda kwao safari hii, Jumamosi ya kwanza baada ya Pentekoste, na tutaondoka kanisani saa kumi na moja alfajiri. Wenye miavuli wachukue. Timu imekwisha kupangwa, na yule kijana wa darasa la saba anaanza upande wa kulia. Viatu bado vinamzidi, kwa hiyo mwenye jozi ndogo ya namba sita aituletee ofisini kabla ya Ijumaa.